Moto wa Mabua Hauivishi Maharage

"Mwalimu, sisi hapa si shule. Sisi ni klabu."

Maneno hayo niliambiwa mwaka 2023 katika kikao cha kamati ya klabu ya mpira wa magongo ya mjini kwetu, klabu ambayo wazee wenzangu walinipa heshima ya kuwa mlezi wake baada ya kustaafu. Aliyeyasema ni mtu ninayemheshimu, tena aliyasema kwa adabu. Wajumbe wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza. Ninaandika kurasa hizi kwa sababu ya ukimya ule, maana jibu nilikuwa nalo na sikulitoa, na walioulipia ukimya wangu ni vijana.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2022 klabu yetu iliondokewa na karibu kikosi chake chote kwa mkupuo mmoja. Wengine umri ulikuwa umewatupa mkono, wengine walihamishwa kikazi, wawili walikwenda masomoni. Kamati ikaamua kwa kauli moja kuijenga timu upya kwa kutumia vijana wa sekondari. Nakumbuka tulivyopiga makofi siku ile. Tulipata vijana 14, wa miaka 16 hadi 19, na tukampata kocha ambaye zamani alikuwa mwanachuo wangu. Magongo yalikuwa 11, kwa hiyo mazoezini ilibidi wapokezane. Pedi za kipa zilishonwa na fundi viatu kwa sponji la godoro kuukuu. Kiwanja chetu ni cha changarawe, na jioni ng'ombe hukikatiza wakirudi zizini. Katika hali hiyo vijana wale walicheza mechi tisa msimu wao wa kwanza. Walifungwa saba, wakatoka sare mbili.

Baada ya mechi ya tisa ndipo kikao kile kikaitwa. Azimio lililoletwa mezani lilikuwa kuwakodi wachezaji watano kutoka jijini kwa ajili ya mashindano ya kombe yaliyokuwa mbele yetu. Azimio likapita. Wachezaji hao wakaja, wakala, wakalala, wakacheza, na kombe tukalitwaa. Lipo mpaka leo kabatini kwa katibu. Wao wakapanda basi wakarudi kwao. Msimu uliofuata, katika vijana wetu 14, saba hawakurudi mazoezini. Kipa alikuwa mmoja wa hao saba, na habari zake nitazieleza baadaye.

Wahenga walituonya kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo kila mtu anaijua, na kila mtu huisahau anapoona ubao wa matokeo. Mimi nitaongeza neno la jikoni. Mabua huwaka kwa mwanga mkubwa kuliko kuni, na mpita njia hudhani humo ndani kuna karamu. Lakini hakuna mama aliyewahi kuivisha maharage kwa moto wa mabua. Kombe letu la mwaka 2023 lilikuwa moto wa mabua, na maharage yetu yangali mabichi.

Kabla sijawajibu wenzangu, hebu tuuangalie mchezo wenyewe, maana wengi wanaowahukumu vijana hawajui vijana hao wanadaiwa nini. Mtoto wa kwetu huanza soka angali anatambaa. Mpira wa matambara haukosi uchochoroni. Anapofika kidato cha kwanza amekwisha kucheza miaka saba bila mwalimu. Magongo si hivyo. Mtoto huyakuta pale tu ambapo mtu mzima ameyaleta. Kijana wetu wa miaka 17 katika mchezo huu ni sawa na mtoto wa darasa la pili katika kusoma.

Tena gongo lina ugumu wake. Uso wake bapa ni mmoja tu, nao uko upande wa kushoto. Mgongo wake wa mviringo hauruhusiwi kuugusa mpira. Kwa hiyo mpira unapokuwa upande usiofaa, mchezaji hana budi kuligeuza gongo kichwa chini katikati ya mbio, huku adui akimjia. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe, uzito wake gramu 156 hadi 163, nao ukimgusa mguu mchezaji wa ndani huweza kuhesabiwa kosa. Mikono inajifunza, macho yanajifunza, miguu nayo inajifunza kukaa mbali. Hayo hayaji kwa hotuba ya mlezi.

Halafu ipo kona ya adhabu, ambayo ndiyo iliyotuliza msimu ule. Inapotolewa, watetezi watano tu, kipa akiwa mmoja wao, ndio wanaokaa nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote hurudi mpaka mstari wa katikati. Mshambuliaji anausukuma mpira kutoka mita 10 kandokando ya mlingoti, wenzake wanaupokea nje ya duara, kisha unapigwa. Tangu kusukumwa hadi kupigwa ni kama pumzi moja. Katika pumzi hiyo vijana watano wanatakiwa kujua nani anatoka mbio kuukabili mpira, nani anamfunika mwenzake, nani anabaki mlingotini. Ukitoka mapema umevunja sheria. Ukichelewa umefungwa. Ukiogopa mpira ukageuza uso, umefungwa vilevile, na pengine umeumia. Niambie, ndugu msomaji, kijana atajifunza hayo wapi bila kufungwa? Kuna kitabu cha kuyasoma? Kuna mjomba wa kumsimulia?

Kocha wetu alikuwa na daftari. Nililiona baada ya madhara kutokea, na ninajilaumu kwamba sikuliomba mapema. Humo aliandika kila kona ya adhabu tuliyopigiwa: nani alitoka, alichelewa kwa nini, mpira ulipita wapi. Katika mechi nne za mwanzo karibu kila kona ilizaa bao. Katikati ya msimu mambo yakaanza kubadilika. Katika mechi mbili za mwisho, ambazo nazo tulifungwa, hatukufungwa hata bao moja la kona. Yaani vijana walikuwa wamefaulu somo lile lile lililowashinda, na siku ile ile waliyofaulu sisi tuliitisha kikao cha kuwafukuza. Kamati ilisoma ubao wa matokeo, na daftari halikusomwa na mtu. Mwalimu anayetoa alama bila kufungua daftari la mwanafunzi tungemfanya nini?

Sisi Watanzania tunayo historia yetu katika mchezo huu, ingawa hatupendi kuisimulia. Mwaka 1980 timu yetu ya taifa ya wanaume ilishiriki Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mataifa kadhaa yenye majina makubwa katika magongo hayakwenda kwa sababu ya mgomo wa kisiasa, nafasi zikabaki wazi, nasi tukawa miongoni mwa timu sita. Tulicheza na India tukafungwa mabao 18 kwa bila. Tukamaliza wa sita. India ikatwaa dhahabu.

Nilikuwa na miaka 30 wakati huo, mkufunzi kijana. Mwaka ule tulishangilia medali mbili za fedha, ya Filbert Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5000. Walistahili kila shangwe. Lakini kila nilipopita, wachezaji wa magongo nilisikia wakitajwa kwa ile 18 tu, tena kwa kicheko. Leo nasema kicheko kile kilikuwa cha watu wasiojua thamani ya kitu walichokwisha kukilipia. Kijana aliyefungwa 18 na timu iliyotwaa dhahabu amekaa darasani dakika 70 mbele ya walimu bora kuliko wote. Ukimrudisha uwanjani mwaka unaofuata, na ule unaofuata tena, kipigo kile kinakuwa mtaji. Ukimwacha apotee, kinabaki aibu. Hatujarudi tena Olimpiki kwa mchezo huo. Sisemi kwamba subira peke yake ingeturudisha, maana viwanja vya nyasi bandia, vifaa na fedha vina sehemu yao kubwa. Nasema tu kwamba mahali penye kicheko mtoto hakai kujifunza.

Hapa mpinzani wangu huinua mkono, naye ana haki. "Mwalimu, mbona Zimbabwe?" Ni kweli. Katika michezo ile ile ya Moscow, timu ya wanawake ya Zimbabwe, nchi iliyopata uhuru Aprili ya mwaka huo huo, ilialikwa kujaza nafasi. Ikateuliwa haraka haraka, ikasafiri, ikashinda mechi tatu, ikatoka sare mbili, ikarudi na medali ya dhahabu. Basi, husema mpinzani wangu, subira ya nini?

Tazama vizuri. Iliyoundwa kwa haraka ni timu. Wachezaji hawakuundwa kwa haraka. Wanawake wale, ambao wote walikuwa Wazungu, walikuwa wamelelewa katika shule na klabu zenye viwanja, magongo na walimu wa michezo, nafasi ambazo watoto wengi wa Kiafrika wa nchi ile walinyimwa. Kazi ya miaka mingi ilikuwa imekwisha kufanyika, tena kwa wachache. Siku chache zilitosha kuwakusanya tu. Anayeona mtu akivuna kwa siku moja asidhani shamba lile halikupaliliwa. Na wachezaji wetu watano wa kukodi nao walipaliliwa na mtu fulani huko jijini, kocha fulani aliyewavumilia walipokuwa wakifungwa. Sisi tulikwenda kuvuna shambani kwake, na shamba letu tukaliacha liote magugu.

Sasa tuwarudie wale waliotufunga 18. Baada ya dhahabu ya Moscow, ambayo ilikuwa ya nane kwao, India walikaa miaka 41 bila medali yoyote ya Olimpiki katika magongo. Mwaka 2008 hawakufuzu hata kwenda Beijing. Mwaka 2012 walikwenda London wakapoteza mechi zao zote sita, wakashika nafasi ya 12 katika timu 12. Fikiria fedheha hiyo, taifa ambalo magongo kwake ni kama urithi wa babu. Katika kikosi kile alikuwamo kipa P. R. Sreejesh, na alikuwamo kijana wa miaka 20, Manpreet Singh. Kama wangekuwa wa klabu yetu, tungewaitia kikao.

Hawakutupwa. Miaka tisa baadaye, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Manpreet ndiye aliyekuwa nahodha na Sreejesh ndiye aliyesimama golini. Mechi yao ya pili walifungwa na Australia mabao 7 kwa 1. Hawakubomoka. Wakaendelea mpaka mechi ya kugombea shaba dhidi ya Ujerumani. Wakiwa mbele kwa mabao 5 kwa 4, sekunde chache tu zikiwa zimebaki, Ujerumani wakapata kona ya adhabu. Sreejesh akaizuia. Mtu aliyekuwamo katika timu ya mwisho kabisa mwaka 2012 ndiye aliyeipa nchi yake medali mwaka 2021, na akaipata nyingine ya shaba Paris mwaka 2024 kabla ya kustaafu. Nahodha wa Paris, Harmanpreet Singh, alitoka katika kundi la vijana waliotwaa Kombe la Dunia la vijana mwaka 2016. Uvumilivu wao haukuwa kamili, maana makocha waliwabadili mara nyingi mno, na katika hilo siwaigi. Lakini wachezaji wao waliwashika.

Nikubali sasa hoja za wenzangu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa nisipozikubali zinapostahili nitakuwa nahubiri.

Wanasema mfadhili hangoji. Ni kweli, hasa mfadhili anayeambiwa uongo. Ukimwahidi kombe, atakuja kudai kombe. Sisi hatukuwahi kumwambia mfadhili wetu, mfanyabiashara wa hapa mjini, kwamba tunajenga. Tulimwambia tutashinda. Mtu anayenunua mche wa mwembe akiambiwa ni mwembe hagombi kwa kukosa embe Desemba hiyo hiyo.

Wanasema vijana wakifungwa mno huvunjika moyo. Hilo nalo ni kweli, nami nimeliona. Lakini dawa ya mtoto aliyeelemewa na mzigo ni kumshika mkono, si kumpa mwingine mzigo wake na kumwambia akae pembeni atazame. Ningekubali wakongwe wawili wachezwe pamoja na vijana, mmoja nyuma na mmoja katikati, wawaongoze kwa sauti na kwa mfano. Mkongwe wa namna hiyo ni mwalimu. Wachezaji watano wa kukodi, wasiojua hata majina ya watoto waliowaondoa, si walimu. Ni abiria wa basi la jioni.

Wanasema mashindano hayasubiri mtu. Lakini sheria za magongo zenyewe zina subira kuliko sisi. Katika soka ukimtoa mchezaji amekwenda moja kwa moja. Katika magongo kubadilisha wachezaji hakuna idadi, na aliyetoka anaweza kurudi. Unaweza kumwingiza kijana dakika tano, ukamtoa, ukamkalisha karibu nawe ukamwonyesha alipokosea, ukamrudisha angali anakumbuka. Mechi za kimataifa siku hizi zina vipindi vinne vya dakika 15, na kila mapumziko ni nafasi ya kufundisha. Kama mwalimu ndiye angepewa kazi ya kutunga sheria za mchezo, asingetunga vizuri zaidi ya hapo.

Nisieleweke vibaya. Subira ninayoitetea si uzembe, wala si kumbembeleza kijana anayechelewa mazoezini, anayemtukana mwamuzi au anayekuja ananuka pombe. Huyo simvumilii hata wiki moja. Nilikuwa mkuu wa chuo, na wanaonikumbuka wanajua. Subira ninayoisema ni kazi, tena kazi nzito kuliko kufukuza. Nilijifunza maana yake siku moja ya mwaka 1971, nilipokuwa mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha.

Nilipewa darasa la tano, somo la hesabu, kujumlisha sehemu. Kwa kiherehere cha siku ya kwanza niliandika ubaoni kwamba nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano. Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mbona jumla imekuwa ndogo kuliko nusu?" Darasa zima likanitazama. Mkufunzi wangu alikuwa ameketi nyuma, kalamu mkononi. Hakusimama. Hakunisahihisha mbele ya watoto. Nilikokota kipindi kile hadi mwisho nikiwa nimelowa jasho. Tulipotoka nje nilingoja aniambie kwamba ualimu umenishinda. Badala yake alisema, "Kesho utafundisha somo hilo hilo, darasa hilo hilo." Usiku ule sikulala, nilifanya hesabu za sehemu mpaka mafuta ya taa yakaisha. Kesho yake nilifundisha. Mkufunzi alikuwa ameketi pale pale nyuma.

Angeweza kunipa darasa la pili, lililo rahisi. Angeweza kufundisha yeye, na watoto wangepata somo zuri zaidi siku ile. Alichagua kunirudisha mahali nilipoanguka, na yeye mwenyewe akarudi kuketi nyuma yangu. Hiyo ndiyo subira. Ina viti viwili, cha anayejaribu tena na cha anayemtazama.

Baadaye niliona jambo hilo hilo kwa ukubwa wa nchi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha vijijini. Watu wakawaita "walimu wa UPE" kwa dharau. Nilitembelea wengi wao. Penye mwalimu mkuu aliyeingia darasani, akaketi nyuma, akawaonyesha, vijana wale walikua, na baadhi yao wakawa walimu ambao ningewakabidhi watoto wangu bila wasiwasi. Penye kuachwa peke yao na kuchekwa, walibaki walivyokuja, na watoto wa vijiji hivyo wakalipa. Haraka ya kuwaingiza kazini ilikuwa na gharama, sikatai. Lakini kuwaacha kuligharimu zaidi.

Sasa nimfikie kipa.

Alikuwa na miaka 17, mtoto wa mama anayekaanga vitumbua karibu na stendi. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye macho mepesi. Katika mechi ya tisa mpira mmoja ulimpita katikati ya miguu, kosa ambalo kila kipa duniani amelifanya. Mtu mzima mmoja, tena mchezaji wetu wa zamani, akapaza sauti kutoka pembeni, "Mtoeni huyo, akamsaidie mama yake kukaanga vitumbua!" Watu wakaangua kicheko. Mama yake alikuwepo, amesimama na beseni lake kando ya kiwanja. Nilimwona akiinama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Wiki ile ile ndipo tulipokaa kikao.

Mwaka jana nilipanda bodaboda kutoka sokoni. Dereva akavua kofia ngumu, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yeye. Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," na njiani nikamwuliza mbona hatumwoni uwanjani. Hakujibu mpaka tulipofika kwangu. Akazima pikipiki akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani bado tunajifunza. Kumbe mtihani ulikuwa umeshafanyika." Hakusema kwa hasira. Nauli akakataa kuipokea, nami nikabaki na noti mkononi mlangoni kwangu.

Sijapata kusikia hukumu nzito kama hiyo juu ya kazi yangu ya maisha. Kwa zaidi ya miaka 40 nimewafundisha walimu kwamba mtoto aambiwe mapema lini ni somo na lini ni mtihani. Vijana wale tuliwaambia ni somo. Tuliwapigia makofi tukasema tunajenga. Kisha tukawatahini bila kuwaarifu, tukawafelisha, na tukawapa cheti chao watu wengine. Mimi nilikuwemo chumbani.

Kwa hiyo nasema, si kwa klabu yetu peke yake bali kwa kila anayesema anajenga timu ya vijana, iwe ya magongo, ya netiboli au ya soka. Kama hamna nia ya kungoja, msiseme mnajenga. Semeni wazi mnatafuta kombe, wakodini watu wenu, na waacheni watoto wa watu nyumbani. Kama mna nia kweli, basi andikeni katika muhtasari wa kikao ni misimu mingapi mtangoja, na mimi napendekeza mitatu, ili mtu akikasirika baada ya mechi ya tisa asomewe sahihi yake mwenyewe. Lisomeni daftari la kocha kila mwezi, na hapo mtajua kama mnangoja mti au mnangoja kijiti kikavu. Kocha asiyekuwa na daftari huyo msimvumilie. Wakongwe wakaribisheni kucheza kando ya vijana, na pembeni mwa kiwanja wachungeni ndimi zao. Tusi la mtu mzima humfika kijana kwa kasi kuliko mpira wowote, na pedi zake hazijashonwa na fundi yeyote.

Vijana saba waliobaki wangali wanafanya mazoezi jioni kwenye changarawe ile ile. Sasa magongo yanawatosha, nalo ni jambo la huzuni. Kikao kingine cha kamati kimeitishwa, na nimesikia kuna kombe jingine linakuja. Safari hii nitakwenda na daftari la kocha kwapani. Yule ndugu akiniambia tena kwamba sisi si shule, nitamwuliza kwa adabu ile ile aliyonitendea: kama sisi si shule, yule kipa tulimtaka ajue kudaka kabla ya kufundishwa na nani?

Halafu nikitoka hapo nitakwenda stendi. Nitanunua vitumbua, nimwombe radhi mama yake kwanza, kisha nimwulize kama mwanawe atakubali kurudi golini, goli lile lile, nami niketi nyuma.